Sura ya Sita: Chupa ya Pauni Tatu

Chupa ya majimaji ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, yenye nikotini inayouzwa Uingereza ina mililita 10, na sheria hairuhusu izidi hapo. Nikotini yake haivuki miligramu 20 kwa kila mililita. Kifuniko chake kimetengenezwa ili mtoto ashindwe kukifungua, na sehemu kubwa ya pakiti imebeba onyo kwamba ndani kuna nikotini, kitu kinachomteka mtumiaji. Masharti hayo yalianza na kanuni za 2016, zilizotokana na mwongozo wa Umoja wa Ulaya, na yakabaki hata baada ya Uingereza kujitoa. Kwa hiyo mtu anayekaa na simu yake usiku, maduka manne ya mtandaoni yamefunguka kwa mpigo, anaona chupa zinazokaribia kufanana kwa kila kitu isipokuwa bei. Huku pauni 2 na nusu, kule 3, pengine 4, na mahali fulani chupa tano kwa pauni 10.

Tofauti hiyo inalipia nini? Kwa chupa, mara nyingi hailipii kitu cha maana. Kwa koili, waya unaogeuza majimaji kuwa mvuke, inaanza kulipia. Kwa betri inalipia karibu kila kitu, pamoja na usalama wa paja la mnunuzi. Anayepima vitu hivi vitatu kwa mizani moja ndiye anayeishia kununua chupa ghali na betri rahisi, na hilo ni kosa la kila siku katika biashara hii.

Kabla ya hesabu, jambo moja liwekwe wazi. Bidhaa hizi zina mteja mmoja anayeeleweka, naye ni mtu mzima anayevuta sigara na anataka kuacha. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, inasema vepu ina madhara machache kuliko sigara lakini haikosi madhara, na kwamba watoto na watu ambao hawajawahi kuvuta wasiiguse. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi ya hapo. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji sigara milioni moja seti za kuanzia, na ushauri nasaha juu yake, ili wahame. Katika sura hii mnunuzi ni huyo mvutaji anayehama.

Tumchukulie mkazi wa Leicester anayemaliza pakiti moja kwa siku. Pakiti inagharimu zaidi ya pauni 14, kwa hiyo kila mwezi zinateketea pauni 400 na ushee. Anaponunua kifaa kidogo cha podi, yaani kikopo cha majimaji, cha kujaza mwenyewe, analipa kitu kama pauni 20 au 25. Hapo ndipo watu wengi wanapomaliza nguvu zao zote: wanalinganisha maduka sita, wanasubiri ofa, wanafurahia kuokoa pauni 4. Halafu kifaa kinafika, na matumizi halisi yanaanza. Akitumia mililita 2 kwa siku, anahitaji chupa sita kwa mwezi, yaani pauni 18 kwa bei ya pauni 3. Kila wiki moja au mbili atabadilisha podi au koili, kila moja pauni 2 na nusu hadi 3. Mwaka ukiisha, koili peke yake zimekula mara tatu hadi sita ya bei ya kifaa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisihusu kifaa. Lihusu koili: zipo? Zitaendelea kuwepo? Watengenezaji, ambao wengi wako Shenzhen, kusini mwa China, wanatoa matoleo mapya kwa kasi ya kutisha, na toleo la zamani linaachwa bila vipuri. Kifaa kinachouzwa kwa nusu bei mara nyingi kimeshushwa bei kwa sababu hiyo hiyo: ghala linasafishwa, na miezi minane baadaye mnunuzi atakuwa na kifaa kizima kisicho na koili. Duka zuri huonyesha koili zinazoingia kwenye kifaa katika ukurasa ule ule wa kifaa, pamoja na ukinzani wake kwa omu na kiwango cha wati kinachofaa. Duka lisilojali linamwacha mteja akisie.

Koili yenyewe si kitu cha ajabu. Ni waya mwembamba uliozungushiwa pamba, pamba inanyonya majimaji, waya unapata moto, mvuke unatoka. Mtu akiichomoa koili iliyochoka na kuifungua kwa koleo, atakuta pamba imegeuka kahawia na waya umefunikwa na gamba jeusi linalometa. Gamba hilo kwa sehemu kubwa ni utamu ulioungua. Majimaji yenye ladha za peremende na keki huwekwa sukralosi, na sukralosi haichemki ikaisha. Inaganda kwenye waya. Mnunuzi aliyefurahia chupa ya pauni 2 yenye utamu wa kupindukia anaweza kuua koili ya pauni 3 kwa siku nne. Ladha ya tumbaku, mnanaa au tunda lisilotiwa utamu mwingi huidumisha. Muuzaji anayeijua kazi yake atalisema hilo bila kuulizwa, hata kama linampunguzia mauzo ya koili.

Kwa miaka kadhaa wengi walikwepa hesabu hizi zote kwa kununua vepu za kutupa. Zilikuwa za pauni 5 au 6, zenye mililita 2 tu, na shirika la Material Focus lilikadiria mwaka 2023 kwamba Uingereza ilikuwa ikitupa karibu milioni 5 kila wiki, na ndani ya kila moja betri nzima ya lithiamu. Tangu tarehe 1 Juni 2025 ni marufuku kuziuza nchini humo, dukani na mtandaoni. Kwa hiyo tovuti inayodai kupeleka vepu za kutupa kwa mteja wa Uingereza imeshajieleza, na hakuna haja ya kuendelea kuisoma.

Kuna njia nyingine iliyopendwa na wabana matumizi, ile ya chupa kubwa isiyojazwa hadi juu. Kikomo cha mililita 10 kinahusu majimaji yenye nikotini, hivyo wafanyabiashara wakatengeneza chupa ya mililita 60 yenye mililita 50 za ladha bila nikotini, na mteja akauziwa pembeni kichupa cha mililita 10 chenye nikotini ya miligramu 18. Anamimina, anatikisa. Miligramu 180 zikigawanywa kwa mililita 60 zinatoa miligramu 3 kwa mililita, kiwango kinachowafaa wenye vifaa vikubwa vya mvuke mwingi. Aliyetoka kwenye pakiti moja ya sigara kwa siku, tena mwenye kifaa kidogo cha podi, hakimtoshi. Atavuta bila kushiba na kesho yake atarudi kwenye sigara. Kumuuzia mtu huyo chupa kubwa kwa sababu tu ni nafuu kwa mililita ni kumrudisha alikotoka.

Unafuu huo nao umewekewa mwisho. Serikali ya Uingereza imepanga ushuru maalumu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026: pauni 2.20 kwa kila mililita 10, iwe na nikotini au isiwe nayo. Juu ya ushuru huo inakaa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, kwa hiyo kila mililita 10 inabeba pauni 2.64. Chupa ya pauni 3 inaelekea pauni 5 na zaidi. Chupa kubwa pamoja na kichupa chake, mililita 60 zote, inabeba pauni 15.84 za ushuru na kodi yake hata kabla mwenye duka hajaweka senti yake. Bidhaa halali zitabandikwa stempu ya ushuru. Na kama ilivyotokea kwa sigara, pengo la bei kati ya kilicholipiwa ushuru na kisicholipiwa ndilo wauza magendo wanalolitegemea. Bei ambayo haiwezi kubeba hata ushuru wake ni ushahidi tosha.

Betri ndiyo sehemu ambayo ubahili unaweza kupeleka mtu hospitalini. Inayotumika kwenye vifaa vikubwa inaitwa 18650, kwa kuwa ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa macho ni kipande cha chuma kilichovikwa ngozi ya plastiki yenye rangi na jina. Ngozi hiyo inabadilishwa kwa dakika moja. Betri iliyofumuliwa kutoka kompyuta mpakato iliyokufa inavishwa ngozi mpya, inapewa jina linalong'aa, na inaingia sokoni kwa theluthi ya bei ya betri halisi.

Namba ndiyo inayomuumbua muuzaji. Samsung 25R ina miliampea-saa 2500 na inatoa ampea 20 mfululizo. VTC6, ya Sony zamani na sasa ya Murata, ina 3000. Kwa miaka mingi betri bora za ukubwa huo hazikupita sana 3500. Anayetangaza 18650 ya miliampea-saa 9900, na matangazo ya namna hiyo yamejaa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, anauza uongo ulioandikwa kwa tarakimu kubwa. Kibaya zaidi, Samsung na LG wamewaonya walaji wasitumie betri zao za kipande kimoja kimoja kwenye vepu kabisa, kwa sababu hazikukusudiwa kushikwa mkononi bila saketi ya kuzilinda. Mei 2018, katika mji wa St. Petersburg, Florida, mtu mmoja alikufa baada ya kifaa chake kulipuka. Kilikuwa cha aina isiyo na saketi ya kudhibiti umeme. Ajali nyingine nyingi zisizoua zinatokea mfukoni, pale betri ya ziada inapogusana na funguo au sarafu na umeme kupita mkato.

Kwa anayeanza, ushauri wa maana ni kununua kifaa chenye betri ya ndani, chenye ulinzi wa kuzima chenyewe kikipata joto, kutoka kwa muuzaji anayeweza kutajwa kwa jina. Kama ni lazima kununua 18650, zinunuliwe kwa muuzaji wa betri anayechapisha vipimo vyake, na zifike ndani ya kiboksi cha plastiki. Duka linalotuma betri mbili zikigongana kwenye bahasha limeshatoa jibu kuhusu ubora wake.

Feki nazo hazikosekani. Watengenezaji wengi hubandika kibandiko cha kukwangua chenye namba ya kuhakikiwa kwenye tovuti yao, na mnunuzi afanye hivyo siku ile ile mzigo unapofika, si baada ya kifaa kuharibika. Anwani ya tovuti aiandike mwenyewe. Msimbo wa kupiga picha uliochapwa kwenye boksi feki unaweza kumpeleka kwenye tovuti feki inayompongeza. Uingereza ina kipimo kingine: kila bidhaa ya vepu yenye nikotini lazima iarifiwe kwanza kwa mamlaka ya dawa, MHRA, ambayo inachapisha orodha wazi kwa umma. Jina lisipoonekana pale, haipaswi kuuzwa.

Hata hivyo orodha haimalizi mambo. Februari 2023 ilibainika kwamba baadhi ya Elf Bar 600, vepu ya kutupa iliyokuwa maarufu kuliko zote nchini, zilikuwa na majimaji mengi kuliko kikomo cha kisheria cha mililita 2. Kampuni iliomba radhi, na maduka makubwa ya vyakula yakaziondoa rafuni. Aliyenunua kwenye duka lenye jina alikuwa na wa kumdai. Anayenunua kwa mtu wa Instagram hana.

Marekani ilipata somo zito zaidi mwaka 2019. Vijana na watu wazima waliotumia vepu walianza kulazwa wakiwa na mapafu yaliyoumia vibaya, na hadi Februari 2020 kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, wakiwemo waliokufa 68. Uchunguzi uliishia kwenye asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa kwenye vikopo vya bangi ili yaonekane mazito na ya thamani. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamevipata kwa marafiki, kwa wauzaji wa mitaani au mtandaoni kwa watu wasiojulikana. Majimaji ya kawaida ya nikotini yalisingiziwa mengi wakati ule. Lakini kiini cha mkasa hakikuwa ladha wala chapa. Kilikuwa muuzaji asiye na anwani.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni msemo huo unahitaji uangalifu, maana kule vyote vinajitembeza. Uingereza imepiga marufuku matangazo ya vepu za nikotini kwenye sehemu kubwa ya vyombo vya habari na intaneti. Tovuti ya muuzaji inaruhusiwa kueleza ukweli wa bidhaa tu. Ofa inayomfuata mtu kwenye mitandao ya kijamii, na msichana anayecheza huku akipuliza mvuke, imevunja kanuni tayari. Nyota tano nazo zisimleweshe mtu. Tangu Aprili 2025 sheria ya Uingereza inakataza maoni bandia ya wateja, na mamlaka ya ushindani inaweza kumtoza mkosaji hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima. Sheria hiyo hiyo inakataza kuficha ada za lazima hadi mteja afike kwenye malipo. Maoni yanayofaa kusomwa ni ya nyota tatu, yale ya mteja anayelalamika kuhusu kitu kimoja mahususi, na jibu la duka chini yake.

Kumchunguza muuzaji wa Uingereza kunachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Chini ya ukurasa kunapaswa kuwa na jina la kampuni, namba ya usajili na anwani. Namba hiyo inatafutwa bure kwenye daftari la Companies House, na pale huonekana kampuni imeanza lini, wakurugenzi ni nani, na kama imewasilisha hesabu zake. Duka linalojisifu kwa “miaka 12 ya uaminifu” huku kampuni imesajiliwa miezi minne iliyopita halihitaji uchunguzi zaidi. Kisha ipigwe simu. Anayepokea akiuliza “Unavuta sigara ngapi kwa siku, na ya kwanza unaivuta saa ngapi?” huyo anajua anachouza. Anayeuliza tu “Unapenda ladha gani?” anauza peremende.

Uhakiki wa umri pia ni kipimo, ingawa wateja wengi huuona usumbufu. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa England na Wales tangu Oktoba 2015. Duka linaloridhika na kitufe cha “Ndiyo, nimefika miaka 18” linaokoa senti chache za kuhakiki, na litaziokoa vile vile kwenye mambo mengine asiyoyaona mteja.

Wanaoishi Marekani wana mlima mwingine. Sheria ya kuzuia magendo ya sigara ilipanuliwa kufikia vepu: muuzaji lazima ajisajili, na mzigo usainiwe na mtu mzima mlangoni. Posta ya nchi hiyo iliacha kubeba vepu kwa wateja wa kawaida Oktoba 2021, na UPS na FedEx zilikuwa zimeshajitoa. Bei ya usafirishaji ikapanda, na duka la jirani likarudi kuwa na maana.

Na wapo wanaoagiza Birmingham ili mzigo ufike Kampala au Muscat kwa mkono wa ndugu. Huko ni kumtia ndugu matatani. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015. Oman inakataza biashara yake, ilhali jirani yake Umoja wa Falme za Kiarabu uliihalalisha mwaka 2019, jambo linalowakoroga wasafiri wa njia hiyo. Kenya inazitoza ushuru wa bidhaa. Na ndani ya ndege, kifaa na betri za ziada havikai kwenye begi linalopimwa na kupelekwa chini. Vinabebwa mkononi.

Nani basi apewe fedha? Kwa chupa na koili za kawaida, anayeuza nafuu kati ya wale waliopita vipimo hivi. Hakuna sababu ya kumlipa mtu pauni 4 kwa kile ambacho mwingine halali anakitoa kwa 3. Kwa kifaa na betri, anayejibu simu, hata akiwa ghali kwa pauni 5. Oda ya kwanza iwe ndogo. Mnunuzi wa mtandaoni Uingereza ana siku 14 tangu kupokea mzigo kubadili nia, ingawa haki hiyo hupotea kwa vitu vya kutia mdomoni vikishafunguliwa. Kwa kifaa chenye kasoro, ana siku 30 za kukikataa na kurejeshewa fedha zote. Kikiharibika ndani ya miezi sita, sheria inachukulia kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo, na ni kazi ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo boksi lisitupwe, barua pepe ya risiti isifutwe, na kifaa kikigoma, kipigwe picha siku hiyo hiyo kabla ya kujaribu kukifungua.